Simu Iliyokaa na Chaji Wiki Nzima

Kila asubuhi Mzee Njogu alianza siku yake kwa kuzima taa. Alizima balbu ya jikoni. Alizima balbu ya veranda. Alizima hata balbu ya choo cha nje, ambayo haikuwa yake. Watu wa mtaa wa Jericho husema aliwahi kumzimia mgeni taa mgeni akiwa na kijiko mdomoni, na mgeni akamaliza ugali wake kwa kupapasa. Mke wake, Wacuka, anasema huo ni uongo mtupu. Haukuwa ugali, anasema. Ulikuwa wali.

Tabia hiyo Njogu aliitoa kazini. Kwa miaka mingi alitunza stoo katika kiwanda cha sabuni huko Baba Dogo. Jioni, wenzake wakishatoka, ni yeye aliyepita akizima swichi moja moja, tangu mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Kisha akastaafu. Swichi zilibaki Baba Dogo, lakini kidole alirudi nacho nyumbani.

Akishazima taa, Njogu alikunywa chai, akavaa kofia, akaenda kwenye kibaraza cha Obura. Obura alikuwa kinyozi. Ndani alinyoa watu, na nje wazee walicheza drafti. Ubao ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichochorwa miraba kwa wino. Kete zilikuwa vifuniko vya soda. Mchezaji mmoja alikuwa na vifuniko vilivyolala chali, mwingine vilivyolala kifudifudi.

Mpinzani wa Njogu alikuwa Abdurahim, fundi wa kushona kanzu. Wazazi wa Abdurahim walitoka Malindi, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Pumwani. Nyumba yake na ya Njogu zilitazamana, mlango kwa mlango. Idi ikifika, Njogu alikula pilau kwa Abdurahim. Krismasi ikifika, Abdurahim alikula mukimo kwa Njogu. Siku nyingine zote walikula karanga kibarazani na kuitana wezi wa kete.

Kibaraza cha Obura kilikuwa na sheria moja tu. Ilikuwa marufuku kumwambia mwenzako, "Cheza." Mtu akifikiri, unamwacha afikiri. Ukimharakisha, unatoa kete yako moja na kuomba radhi. Siku moja Abdurahim alifikiri tangu adhana ya adhuhuri hadi adhana ya alasiri. Njogu hakusema neno. Wanasema mteja aliyenyolewa siku hiyo alihitaji kunyolewa tena kabla Abdurahim hajasogeza kifuniko.

Basi mambo yalikwenda hivyo, mpaka Abdurahim alipoteleza kwenye ngazi za sokoni zilizokuwa na maji. Mguu ukavunjika. Binti yake, Kadija, akaja kumchukua, akampeleka kwake Komarock auguzwe.

Siku ya kuondoka, Abdurahim alimshika Njogu mkono.

"Sikiza, sahibu," alisema. "Kadija ataka nikipona niende Malindi kwa ndugu yangu. Nyumba hii niirudishe, apewe mtu mwengine. Mimi nataka kurudi hapa. Lakini daktari asema mguu huu utahitaji mtu. Mtu wa kunishika mkono kunipeleka kliniki, kila mara, mpaka ukae sawa. Nikijua hali yangu, nitakuandikia."

"Andika," Njogu alisema. "Na usidhani kuvunjika mguu ndiko kutakuokoa. Mchezo uko palepale."

Njogu alijua vizuri. Nyumba za Jericho ni za kupangishwa na jiji; ukishaachilia, umeachilia. Wapo watu wanaozingoja tangu balbu hazijavumbuliwa. Abdurahim akienda Malindi, hatarudi.

Ilitokea kwamba wakati huohuo binti ya Njogu, Waithera, alimnunulia baba yake simu mpya ya kioo.

"Baba, hii ni ya katikati," alisema. "Si ile ya bei ya chini, na si ile ya wakubwa. Lakini betri yake ni kubwa. Inakaa."

Wazee wakapata njia. Kila mmoja aliweka ubao nyumbani kwake, Njogu ule wa plaiwudi, Abdurahim mwingine aliochora huko. Njogu akicheza, alipiga picha ya ubao na kumtumia Abdurahim kwa Watsapu. Abdurahim naye alisogeza vifuniko vyake vifanane, akacheza, akatuma picha. Drafti ikavuka kutoka Jericho mpaka Komarock na kurudi. Hata sheria ya kibaraza ilikwenda nayo. Hakuna kumharakisha mwenye zamu.

Jumapili moja Njogu aliketi kibarazani na simu yake mpya mapajani. Obura alitoka nje akipangusa mashine ya kunyolea.

"Niaje, mzee. Bado unabeba hiyo tivi?"

"Hii si tivi. Ni simu."

"Hizo za kioo ni urembo tu," Obura alisema. Akatoa mfukoni kabambe yake, kisimu kidogo cha vitufe kilichofungwa kwa raba. "Hii naitia chaji Jumapili, inanifikisha Jumapili. Yako itazima Jumanne."

"Yangu ina betri ya tembo."

"Na tembo anakula sana, mzee. Wenye simu hizo nawajua. Wakiingia hapa hawaulizi bei ya kunyoa. Wanauliza, soketi iko wapi?"

Watu kibarazani wakacheka. Njogu hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa amewacheka watu hao mara nyingi.

"Nitaijaza leo," alisema. "Jumapili ijayo nitaileta hapa ikiwa inawaka. Bila kuigusisha ukuta."

"Ikizima?"

"Ikizima, nitafagia nywele zako humu ndani wiki nzima."

"Na ikiwaka, nitakunyoa bure mpaka mwaka uishe," Obura alisema. "Hata kama nywele zenyewe ni kama za kutafutwa kwa tochi."

Jioni hiyo Njogu aliijaza simu mpaka juu. Kisha akaketi nayo mezani. Alikuwa ameona watu wakivuta kioo kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Akavuta. Vikatokea vijisanduku vingi. Baadhi vilikuwa vya kijivu. Baadhi vilikuwa vinang'aa rangi ya buluu.

Njogu alishtuka. Hizi si balbu hizi? Balbu zimeachwa zinawaka kwenye chumba kisicho na mtu.

Kidole cha Baba Dogo kikaamka. Akagusa kijisanduku cha kwanza, kikazima. Akagusa cha pili, kikazima. Akapita moja moja, tangu mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Kimoja tu kilichokuwa kijivu kilimvutia. Kilikuwa na picha ya betri na jani dogo ndani yake. Akakigusa. Simu ikaandika kwamba sasa inaokoa chaji. Njogu akakiacha hicho kiwake. Mwisho akapunguza mwanga wa kioo, ukapungua mpaka akawa anajifunika koti kichwani ndipo aone kilichoandikwa.

"Unatafuta nini humo ndani?" Wacuka aliuliza.

"Ninacheza drafti."

Na kweli alikuwa anacheza. Ilikuwa zamu yake. Alisogeza kete nzuri sana, kete ya kumfunga Abdurahim njia mbili. Akapiga picha, akaandika chini yake, "Haya, jitoe hapo." Akatuma.

Kwenye kona ya picha kikatokea kialama kidogo. Kilikuwa saa. Saa ndogo ya mviringo.

Njogu alifurahi. Simu hii ina akili, alifikiri. Imemwekea Abdurahim saa ya kumhesabia muda wa kufikiri.

Jumatatu, Abdurahim hakujibu. Njogu alitabasamu. Mtu amefungwa njia mbili, atajibu nini? Mwache afikiri. Kisaa kilikuwa palepale. Na chaji ilikuwa karibu vile ilivyokuwa jana.

Jumanne, kimya. Njogu alimwonyesha Obura simu. Obura aliishika, akaigeuza, akainusa.

"Mzee, hii simu inaishi kweli? Ama umekuja na kava?"

"Ihesabu mwenyewe chaji."

Obura akarudi ndani.

Jumatano, kimya. Sasa Njogu alianza kushangaa. Si Abdurahim tu aliyenyamaza. Dunia nzima ilikuwa imenyamaza. Waithera, ambaye kila siku hutuma picha za watoto, hakutuma hata moja. Kundi la watu wa mtaa, ambalo hugombana kuhusu takataka tangu alfajiri, lilikuwa tulivu kama msikiti baada ya swala. Maji ya mfereji yalikuja asubuhi, majirani wote wakawa wamepanga ndoo tayari. Njogu peke yake alikutana nayo yakiwa yanakatika.

"Walijuaje?" alimuuliza mkewe.

"Wanasema ilitangazwa."

"Ilitangazwa wapi?"

"Kwenye simu, mzee. Wewe si unayo simu?"

Njogu aliitazama simu. Simu ilimtazama. Chaji ilikuwa zaidi ya nusu.

Alhamisi alianza kujilaumu. Alijifunika koti, akasoma maneno yake mwenyewe, "Haya, jitoe hapo." Akayasoma tena. Je, ni maneno mabaya? Mtu anauguza mguu, nyumba yake iko mashakani, halafu rafiki anamwandikia hivyo. Labda Abdurahim amekasirika. Labda mguu umezidi. Labda yuko njiani kwenda Malindi tayari.

"Mpigie," Wacuka alisema.

"Siwezi. Ni zamu yake."

"Zamu ya nini?"

"Ya drafti. Nikimpigia, nimemharakisha."

Wacuka aliweka mwiko chini. "Mtu unamjua tangu hatujapata Waithera. Huwezi kumpigia kwa sababu ya vifuniko vya soda?"

"Sheria ni sheria."

"Na usiku unaizima kabisa. Je, akikupigia yeye?"

"Mtu wa maana hupiga mchana," Njogu alisema. Lakini alisema kwa sauti ya chini, na usiku huo aligeuka kitandani mpaka Wacuka akamnyang'anya blanketi.

Jumamosi asubuhi, Njogu alifungua mlango akakuta kanta, lori dogo la mizigo, imesimama kwenye ua. Mlango wa Abdurahim ulikuwa wazi. Wanaume wawili walikuwa wanatoa kitanda. Cherehani ilikuwa tayari juu ya gari, imefunikwa kwa shuka. Kadija alikuwa amesimama mlangoni, kufuli mkononi.

Njogu alisahau kuzima taa ya veranda.

"Kadija, kuna nini?"

"Shikamoo, ami," Kadija alisema. Aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini hakutabasamu.

"Marahaba. Kuna nini hapa?"

"Nachukua vitu vya baba. Anakwenda Malindi kesho. Nikitoka hapa napeleka ufunguo kwa ofisi ya mtaa."

"Mbona hakuniambia?"

Kadija alimtazama kama mtu anayetazama chumvi iliyogeuka sukari. "Ami, baba alikuandikia. Alikuandikia Jumatatu. Akaandika tena. Akapiga kwa Watsapu, maana kwangu kuna waifai na yeye hanunui salio. Hukushika. Hata mimi nilikupigia nikitoka kazini, saa mbili usiku. Nikaambiwa simu imezimwa."

"Mimi ndiye nangoja. Ni yeye aliyenyamaza."

"Baba hakunyamaza, ami." Alizungusha kufuli mkononi. "Amekaa na simu mkononi wiki nzima. Jana akaniambia, Njogu amejibu. Mtu akinyamaza, amejibu."

Wale wanaume wakapitisha godoro katikati yao.

Njogu alitoa simu mfukoni. Aliishika kwa mikono miwili. "Ngoja," alisema. "Kadija, mwanangu, usifunge huo mlango. Usiende popote na huo ufunguo. Nakuja."

Na mzee aliyestaafu miaka mingi akakimbia. Wanaosimulia wanasema kofia yake ilifika sokoni baada yake.

Karibu na lango la soko la Jericho, Rufaida alikuwa na kibanda cha kuuza kava na chaja na kutengeneza simu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole, na macho yaliyozoea vitu vidogo.

"Guka, kaa kwanza," alisema, akimwita babu kwa Kikikuyu. "Pumua. Kuna nini?"

"Hii simu imekula barua zangu. Mtu ananiandikia, sioni. Mimi naandika, haoni. Na imewaka wiki nzima, chaji haipungui. Nilidhani ni nzuri. Sielewi. Sielewi kabisa."

Rufaida alipokea simu. Akainua kioo karibu na macho.

"Mbona giza hivi?"

"Naokoa chaji."

Rufaida aliongeza mwanga, akavuta kioo kutoka juu kwenda chini. Akatazama vile vijisanduku. Vyote vilikuwa kijivu, isipokuwa kimoja chenye jani.

"Nani alizima hivi vyote?"

"Mimi. Vilikuwa vinawaka bure."

Rufaida hakucheka. Aligeuza simu ili Njogu aone. "Tazama, guka. Hizi si balbu. Hizi ni milango. Hii inaitwa data. Meseji za Watsapu hupitia hapa, au kwenye waifai, hii nyingine. Umefunga zote mbili. Basi hakuna kinachoingia wala kinachotoka."

"Lakini ujumbe wangu ulitoka. Tazama. Imeweka hata saa ya kumhesabia muda."

Rufaida aliitazama picha ya drafti na kialama chake cha saa.

"Kisaa hiki hakimhesabii mtu muda," alisema. "Kinakwambia ujumbe bado uko hapa ndani. Haujatoka mkononi mwako. Ukitoka, utaona alama moja ya pata, kama ile ya mwalimu kwenye daftari. Ukifika kwa mwenzako, utaona pata mbili. Pata zikigeuka buluu, kwa kawaida amefungua na kuona. Watu wengine huzuia hiyo buluu isionekane, lakini pata mbili ni kwamba umefika."

Njogu alihesabu siku kwa vidole. Picha ile aliituma Jumapili. Kumbe ilikuwa mfukoni mwake wiki nzima. Kumbe huko Komarock, machoni mwa Abdurahim, zamu ilikuwa ya Njogu. Na Abdurahim hakuweza kumwambia, cheza.

"Na hiki chenye jani?" aliuliza polepole.

"Hiki ni cha kuokoa chaji. Kinazuia simu kufanya kazi usipoitazama. Kikiwaka, hata data ikiwa wazi, meseji zinaweza kuchelewa. Kizuri ukiwa safarini, chaji imebaki kidogo, na soketi iko mbali. Si cha kila siku. Sasa nafungua data. Una bando?"

"Waithera alininunulia ya mwezi."

"Basi shika mwenyewe. Gusa hapa."

Njogu aligusa. Kijisanduku kikang'aa buluu.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Ikalia, ikalia, ikalia, ikaruka kwenye meza ya Rufaida kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Picha za wajukuu zikaingia. Matangazo ya maji yakaingia. Ugomvi wote wa takataka ukaingia kwa mpigo. Katikati yao kulikuwa na jina la Abdurahim.

"Nisomee," Njogu alisema. "Miwani nimeacha."

Rufaida alisoma polepole.

Ujumbe wa Jumatatu: "Daktari amesema nianze kutembea. Kadija ataka niende Malindi. Mimi nataka kurudi Jericho, lakini nahitaji mtu wa kunishika mkono kwenda kliniki. Sina mwengine wa kumuuliza. Waonaje?"

Wa Jumatatu hiyohiyo, jioni: "Usijibu mbio. Fikiri. Sikuharakishi."

Wa Alhamisi: "Nimekupigia, haikushikwa. Natumai wewe na Wacuka mu wazima."

Wa Ijumaa: "Nimefahamu, sahibu. Mzigo ni mzigo. Kadija atakuja kesho kwa vitu. Ule ubao wa plaiwudi, ubaki nao wewe."

Njogu alitazama pembeni, kwenye rundo la chaja.

"Niandike nini?" aliuliza. "Vidole vyangu vitamaliza mwezi."

"Si lazima uandike. Shikilia hapa penye kipaza sauti, useme. Ukimaliza, achilia."

Njogu alishikilia. Alikohoa. Kisha akasema, "Abdu. Ni mimi. Mimi nilizima taa zote, na wewe ukiwa ndani. Sikujua. Barua zako nimezipata sasa hivi, hapa sokoni. Rudi. Mkono ninao, hata miwili. Malindi kuna joto, utaoza." Kisha akaongeza, "Na hiyo drafti ni zamu yako. Tazama vizuri."

Akaachilia. Ikatokea pata moja. Kisha pata mbili. Na juu yake, ile picha ya Jumapili nayo ilikuwa imetoka. Kisaa kilikuwa kimepotea.

Wakarudi pamoja kwenye ua, Rufaida akiwa amefunga kibanda kwa muda, maana hata yeye alitaka kujua mwisho. Kanta ilikuwa imejaa. Dereva alikuwa amewasha injini. Kadija alikuwa ameketi kwenye ngazi, ufunguo kidoleni. Njogu alimsikilizisha sauti yake mwenyewe, na Rufaida akamweleza mambo ya data na kisaa. Kadija alisikiliza mpaka mwisho.

"Ami," alisema, "ulizima simu ili isizime?"

"Ndiyo hivyo."

Wacuka, aliyekuwa mlangoni, alimtazama mumewe tu. Alikuwa na mengi ya kusema, akayaweka ya jioni.

Wakangoja. Pata mbili zikageuka buluu. Abdurahim ameona. Lakini hakujibu. Dereva alichungulia dirishani. Njogu alitamani kupiga, akajizuia. Mwenye zamu alikuwa anafikiri. Kwa mara ya kwanza maishani, Njogu aliichukia ile sheria ya kibaraza.

"Ami, dereva ana kazi nyingine," Kadija alisema kwa upole.

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa picha. Picha ya ubao. Abdurahim alikuwa amejitoa kwenye mtego wa njia mbili, akala kete tatu za Njogu kwa mruko mmoja. Chini yake alikuwa ameandika, "Mwambie Kadija arudishe kitanda."

Kadija alisoma. Akacheka, akafuta macho kwa ncha ya buibui. Wale wanaume wawili hawakucheka. Waliangalia kitanda, wakaangalia mlango, mmoja akasema kwamba Jericho kuna watu wa ajabu. Kisha wakaanza kushusha.

Kabla ya kurudi kibandani, Rufaida alikunywa chai kwa Wacuka. Njogu alikuwa na maswali.

"Sasa nikiacha hizi taa, milango, zikiwa wazi, chaji itakaa?"

"Itakaa siku moja na nusu, pengine mbili. Inategemea unavyoitumia. Hiyo ndiyo kazi ya betri kubwa, guka. Imetengenezwa kubwa ili uitumie bila wasiwasi. Haikutengenezwa uifungie."

"Na niiache iishe kabisa ndipo niijaze? Hivyo ndivyo tulivyofanya zamani."

"Betri za zamani ndizo zilitaka hivyo. Hizi hazipendi kuisha kabisa. Ikibaki kidogo, itie. Tia jioni mkila, itoe mkimaliza. Usiiweke chini ya mto ikiwa kwenye chaji, inapata joto, na joto ndilo linaua betri. Mwanga wa kioo upunguze kiasi, lakini si mpaka uvae koti."

Wacuka alicheka mpaka akamwaga chai.

"Na kama inalia sana?" Njogu aliuliza. "Hao wa takataka watanimaliza."

"Kundi hilo tulinyamazishe lisilie. Meseji zitaingia, utasoma ukitaka. Rafiki yako tumwache alie."

Jioni hiyo simu ilizima. Wiki nzima ilikuwa imehifadhi chaji, na kwa siku moja ikaimaliza yote kwa picha za wajukuu, na kwa Abdurahim, aliyepiga mara nne kueleza jinsi alivyokula zile kete tatu. Kesho yake, Jumapili, Njogu alifika kibarazani akiwa ameshika simu iliyojazwa usiku.

"Iligusa ukuta?" Obura aliuliza.

"Iligusa."

Obura akampa ufagio.

Abdurahim alirudi Jericho kabla ufagio haujarudi kwa mwenyewe. Aliketi kwenye kiti cha kinyozi, mguu mbele, na kwa mkongojo wake akamwonyesha Njogu kila unywele uliobaki. Tangu hapo, siku za kliniki wawili hao huonekana wakipita sokoni polepole, mkono kwa mkono, wakibishana. Daktari anasema mguu unaendelea vizuri. Njogu anasema unaendelea vizuri kuliko drafti ya mwenye mguu.

Simu sasa hutiwa chaji Wacuka akipakua chakula. Siku ambazo Njogu amesahau, huingia kwa Obura na jambo la kwanza analouliza ni soketi. Obura humwelekeza kwa kidole, bila kusema kitu, na hiyo ndiyo adhabu kubwa zaidi.

Juzi walikuwa wanacheza kibarazani. Ilikuwa zamu ya Njogu, na Njogu alikuwa amezama. Alifikiri mpaka karanga zikaisha. Abdurahim alikaa mbele yake, ametazama juu, uso mtulivu kama wa mtu anayehesabu mawingu. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya kanzu.

Simu ya Njogu ikalia mfukoni. Akaitoa. Ujumbe ulitoka kwa Abdurahim, aliyeketi mbele yake, na ambaye siku hizi hununua bando. Ulikuwa na neno moja: "Upo?"

Njogu aliusoma kwa sauti, akainua macho.

"Nipo," alisema.

"Huko ni kuharakisha mtu!" Obura alipaza sauti kutoka ndani, mashine ikiwa kichwani mwa mteja. "Toa kete!"

Abdurahim hakubisha. Alichukua kifuniko chake kimoja, kizuri, kilichokuwa karibu kufika mwisho wa ubao na kuwa kingi, akakiweka kando ya ubao.

"Chukueni," alisema. "Mara ya mwisho niliposema simharakishi, nusura nifike Malindi."